Kubadili au kuondoa: ushike njia ipi kwenye milinganyo miwili yenye herufi mbili

Bandani kuna kuku na mbuzi. Ukihesabu vichwa ni 30, ukihesabu miguu ni 84. Kuku ni wangapi na mbuzi ni wangapi?

Swali hili nimewapa wanafunzi wengi wa tuisheni, na karibu wote huandika mistari miwili ileile:

k + m = 30
2k + 4m = 84

Hadi hapo mambo ni shwari. Kinachowagawanya ni mstari wa tatu. Mmoja ataandika k = 30 − m. Mwingine atauzidisha mlinganyo wa kwanza kwa 2 apate 2k + 2m = 60, kisha atoe. Wote wawili watafika kwenye mbuzi 12 na kuku 18. Lakini ukimuuliza kila mmoja kwa nini ameshika njia hiyo, jibu huwa lilelile: ndiyo niliyofundishwa, au ndiyo ninayoiweza. Ni nadra kumsikia mwanafunzi akisema, "Nimeitazama milinganyo nikaona hii inataka hivi." Kutazama huko kunachukua sekunde tano, na ndiko ninakotaka tukuzungumze.

Kwanza tuelewane majina. Wengi shuleni wanazijua kama sabstitusheni na eliminesheni. Hapa nitasema kubadili na kuondoa, kwa sababu maneno yenyewe yanataja kazi inayofanyika. Kubadili ni kuieleza herufi moja kwa kutumia nyingine, halafu kuyaweka maelezo hayo mahali pake kwenye mlinganyo wa pili. Kuondoa ni kuzifanya namba zilizo mbele ya herufi moja ziwe sawa kwenye milinganyo yote miwili, kisha kujumlisha au kutoa mpaka herufi hiyo ipotee. Zipo pia grafu na matriksi (namba za mbele ya herufi zikipangwa kwa safu ndani ya mabano), nazo tutazifikia.

Kubadili kunasimulia kisa

Turudi bandani. Tukiweka 30 − m mahali pa k tunapata:

2(30 − m) + 4m = 84
60 + 2m = 84

Usome mstari huo wa mwisho kama sentensi. Kama wanyama wote wangekuwa kuku, miguu ingekuwa 60. Kila mbuzi anayekaa mahali pa kuku anaongeza miguu 2. Ili tufike 84 tumepungukiwa miguu 24, basi mbuzi ni 12. Mzee ambaye hakuwahi kuandika x wala y angeweza kulikokotoa swali hili kichwani kwa maneno hayohayo, na njia ya kubadili imeyaandika mawazo yake neno kwa neno. Kwa sababu hiyo naipenda kuifundisha kwanza, hasa kwa mtoto anayedhani aljebra ni herufi zinazorukaruka bila maana.

Chukua swali la pili, la kwa mama lishe. Chai moja na chapati mbili ni shilingi 1,400. Chai mbili na chapati tatu ni shilingi 2,300. Chai ni c, chapati ni p:

c + 2p = 1,400
2c + 3p = 2,300

Tazama c ya mlinganyo wa kwanza. Mbele yake hakuna namba yoyote, haina mzigo. Herufi isiyo na mzigo ndiyo mwaliko wa kubadili, kwa sababu utaiweka peke yake bila kugawanya chochote, na usipogawanya huzai sehemu, yaani namba kama ½ au ¾. c = 1,400 − 2p, na kwa hiyo:

2(1,400 − 2p) + 3p = 2,300
2,800 − 4p + 3p = 2,300
2,800 − p = 2,300
p = 500

Chapati ni shilingi 500, na chai ni 1,400 − 1,000, yaani 400. Hatua ya mwisho hapo juu, ya kumrejesha p aliyetolewa kwa kumjumlisha pande zote mbili, ndiyo iliyoipa aljebra jina lake. Al-Khwarizmi, akiandika Baghdad katika karne ya 9, aliiita al-jabr, yaani kurejesha.

Njia ya kuondoa ingelimaliza swali hili pia. Zidisha mlinganyo wa kwanza kwa 2, upate 2c + 4p = 2,800, toa ule wa pili, p = 500. Kwa idadi ya mistari ni fupi zaidi. Nikisema hapa kubadili kunafaa sijasema kuondoa kumeshindwa. Wakati herufi moja haina mzigo, njia zote mbili ni nyepesi, nami nachagua ile inayoacha maana mezani.

Kuna hila moja ya kubadili ambayo wengi hawaonyeshwi. Si lazima herufi iwe peke yake kabisa. Tazama:

2x + 3y = 16
6x − 7y = 16

Anayefuata kanuni kwa kukariri ataandika x = (16 − 3y) ÷ 2 na kuanza kubeba sehemu. Hana haja. 6x ni 2x mara tatu, basi abadili 2x nzima: 2x = 16 − 3y. Mlinganyo wa pili unakuwa 3(16 − 3y) − 7y = 16, yaani 48 − 16y = 16, na y ni 2. Akirudi, 2x = 10, x = 5. Kubadili kipande kizima badala ya herufi moja kunaokoa muda mwingi kwenye mtihani, na baadaye, kwenye hisabati ya juu, mtindo huohuo unatumika kila kukicha.

Mizigo ikiwa mizito kila upande

Sasa jozi ambayo haitoi mwaliko wowote:

5x + 3y = 19
4x − 7y = −13

Hakuna herufi isiyo na mzigo, na hakuna namba iliyo kigawe cha mwenzake. Tuzifanye njia zote mbili tuzione bega kwa bega.

Kwa kubadili:

x = (19 − 3y) ÷ 5
4(19 − 3y) ÷ 5 − 7y = −13
zidisha kila kitu kwa 5: 4(19 − 3y) − 35y = −65
76 − 12y − 35y = −65
−47y = −141
y = 3

Kwa kuondoa, tuiondoe x. KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 5 na 4 ni 20, basi zidisha wa kwanza kwa 4 na wa pili kwa 5:

20x + 12y = 76
20x − 35y = −65
toa: 47y = 141
y = 3

Kwa njia yoyote, x ni 2.

Sasa angalia namba zilizojitokeza. 76 ipo pande zote. 65 ipo pande zote. 12 na 35 zipo. Na 47 ipo, na 141 ipo. Nilipoanza kufundisha sikuwa nimeliona hili. Nilidhani njia moja ina hesabu nyingi kuliko nyingine. Kumbe hesabu ni zilezile. Ile 47 inatoka kwenye namba nne zilizo mbele ya herufi: 5 × 7 na 3 × 4, ambazo ni 35 na 12, na alama zake zinazifanya zijumlishwe. Huwezi kuikwepa. Ukienda kwa kubadili utakutana nayo, ukienda kwa kuondoa utakutana nayo, na tutakapofika kwenye matriksi itakuwa inatusubiri mlangoni.

Basi kama kazi ni ileile, kuchagua kuna maana gani? Kuna maana kwa sababu makosa hayakai mahali pamoja. Mwenye kubadili alibeba ile "÷ 5" kwa mistari miwili, na hapo ndipo mwanafunzi husahau kuzidisha 7y au −13 kwa 5 anapoiondoa asili ya sehemu. Mwenye kuondoa hakukutana na sehemu hata moja. Kwa jozi ya namna hii, kuondoa.

Makosa ya kila njia

Hapa natulia kidogo, kwa sababu daftari nilizosahihisha zimenifundisha kwamba mwanafunzi hupoteza alama kwenye kosa lilelile mara kumi, wala si kwenye makosa kumi tofauti.

Ukibadili, adui yako wa kwanza ni mabano yenye alama ya kutoa mbele yake. Chukua 2x − 3(4 − x) = 8. Mwanafunzi huandika 2x − 12 − 3x. Ile −3 ilitakiwa kuizidisha −x pia na kuleta +3x. Tiba yake ni ya mkono kuliko ya akili: unapobadili, andika mabano kwanza yakiwa matupu, halafu ujaze ndani yake. Usiandike maelezo yale bila mabano hata kama unaona hayahitajiki.

Adui wa pili ni kubadili ndani ya mlinganyo uleule ulikotoka. Umeipata c = 1,400 − 2p kutoka kwenye mlinganyo wa kwanza, kisha unaiweka kwenye huohuo wa kwanza: 1,400 − 2p + 2p = 1,400. Unabaki na 1,400 = 1,400, unafuta, unaanza upya, unapata hilohilo, unahitimisha kwamba swali limekosewa. Swali halijakosewa. Umeuuliza mlinganyo habari uliyokupa wenyewe. Habari mpya iko kwa mwenzake.

Ukiondoa, makosa hukaa kwenye kutoa hasi. Hapo juu tulikuwa na 12y − (−35y). Jibu ni 47y, lakini nimeona −23y mara nyingi sana, na akishaipata hiyo, y inakuwa sehemu mbaya ambayo mwanafunzi anaishi nayo hadi mwisho wa ukurasa. Dawa ninayoipendekeza ni kuacha kutoa kabisa: badili alama zote za mlinganyo mmoja kwa kuuzidisha kwa −1, halafu jumlisha. Ni mstari mmoja zaidi, lakini mkono unaojumlisha hukosea mara chache kuliko mkono unaotoa. Kosa la pili la kuondoa ni kuzidisha upande wa kushoto na kuisahau namba ya upande wa kulia. 5x + 3y = 19 ikizidishwa kwa 4 inaandikwa 20x + 12y = 19, na kila kinachofuata ni kazi bure.

Basi jijue. Kama wewe ni mtu wa kukosea mabano, elekea kuondoa kila inapowezekana. Kama unakosea kutoa hasi, elekea kubadili. Ushauri huu hauonekani wa kihisabati, lakini umewasaidia wanafunzi wangu kuliko kanuni nyingi.

Pale kuondoa kunapong'ara

Kuna jozi ambazo ukiziona unatamani kukimbia:

63x + 37y = 237
37x + 63y = 263

Anayebadili hapa atakuwa na 237 − 37y juu ya 63, na sitamlaumu akiweka kalamu chini. Lakini tazama namba zilivyopishana. Jumlisha milinganyo yote miwili: 100x + 100y = 500, kwa hiyo x + y = 5. Toa wa pili kutoka wa kwanza: 26x − 26y = −26, kwa hiyo x − y = −1. Jumlisha hizi mbili: 2x = 4. x ni 2, y ni 3. Namba zikipishana hivi, jumlisha kwanza, fikiri baadaye.

Kuondoa kuna sifa nyingine kubwa: hakuhitaji jicho. Ukiwa na milinganyo 2 unaweza kuitazama na kuchagua. Ukiwa nayo 50, hakuna wa kuitazama. Unahitaji utaratibu unaorudiwa bila kufikiri, safu kwa safu, na kuondoa ndiko kunakofanyika hivyo. Ndiyo maana programu za kompyuta zinazokokotoa mifumo mikubwa ya milinganyo zimejengwa juu ya njia inayoitwa kwa jina la Gauss, Mjerumani ambaye mwaka 1810 aliutumia utaratibu wa namna hiyo kwenye hesabu za njia ya Pallas, mojawapo ya sayari ndogo zinazolizunguka jua. Wachina walikuwa wamemtangulia kwa karne nyingi. Katika kitabu chao cha kale cha hesabu chenye sura tisa, ambacho Liu Hui alikiandikia ufafanuzi mwaka 263, sura ya nane ni ya kuondoa, ikifanywa kwa vijiti vilivyopangwa ubaoni.

Swali la kwanza la sura hiyo linahusu mavuno ya nafaka. Mafungu 3 ya daraja la juu, 2 ya daraja la kati na 1 la daraja la chini yanatoa vipimo 39. Mafungu 2, 3 na 1 yanatoa 34. Fungu 1, mafungu 2 na 3 yanatoa 26.

3x + 2y + z = 39
2x + 3y + z = 34
x + 2y + 3z = 26

Kwa kawaida tunawaambia wanafunzi: herufi zikifika tatu, acha kubadili, shika kuondoa. Nami nilisema hivyo miaka mingi, mpaka nilipolikalia swali hili na kulitazama. Mlinganyo wa tatu una x isiyo na mzigo. x = 26 − 2y − 3z. Iweke kwenye wa kwanza: 78 − 6y − 9z + 2y + z = 39, yaani 4y + 8z = 39. Iweke kwenye wa pili: 52 − 4y − 6z + 3y + z = 34, yaani y + 5z = 18. Na hapo y nayo haina mzigo! y = 18 − 5z, basi 72 − 20z + 8z = 39, 12z = 33, z ni 2¾. Kurudi nyuma, y ni 4¼ na x ni 9¼, majibu yaleyale ya Wachina, na sehemu haikuonekana mpaka mstari wa mwisho. Tangu hapo nimeibadilisha kauli yangu. Herufi zikifika tatu, tafuta kwanza isiyo na mzigo; usipoiona, ondoa.

Grafu ni ya kuona, matriksi ni ya kuagizwa

Grafu haishindani na hizi mbili kwenye usahihi. Mistari miwili ikikutana kwenye 9¼ na 4¼, penseli butu na rula ya plastiki haviwezi kukupa robo hiyo kwa uhakika. Lakini kuna swali ambalo grafu hulijibu vizuri kuliko zote, nalo ni swali la kuchagua kati ya vitu viwili.

Tuseme mkulima wa mboga anataka pampu. Ya dizeli inauzwa shilingi 600,000 na inakula mafuta ya 90,000 kwa mwezi. Ya sola inauzwa 1,800,000, na matunzo yake ni 10,000 kwa mwezi. Gharama ikiwa G na miezi ikiwa t:

G = 600,000 + 90,000t
G = 1,800,000 + 10,000t

G imekwisha kuwekwa peke yake mara mbili, basi kubadili hapa ni kuziandika pande za kulia ziwe sawa: 80,000t = 1,200,000, t = 15. Baada ya miezi 15 kila pampu itakuwa imemla 1,950,000. Jibu ni sahihi, lakini mkulima hakuuliza lini zinalingana. Anauliza anunue ipi. Chora mistari miwili kwenye karatasi ya miraba na atajionea mwenyewe: kushoto kwa 15 mstari wa dizeli uko chini, kulia kwa 15 uko juu na unazidi kupanda. Anayelima kwa msimu mmoja na kuondoka ana jibu lake, na aliyekusudia kukaa shambani miaka mitano ana lake. Kwa hiyo nashauri kubadili upate namba, kisha uchore, hata kwa mkono tu, upate maana.

Matriksi nitaipitia haraka. Kwenye milinganyo miwili, kanuni ya Cramer wa Geneva, iliyochapwa mwaka 1750, inakutaka uzidishe namba za mbele kimshazari: kwa ile jozi yetu nzito, 5 × (−7) toa 3 × 4, ambayo ni −47. Yule rafiki yetu. Halafu x ni −94 kugawanya kwa −47, na y ni −141 kugawanya kwa −47. Haraka, safi, na haikuambii chochote kuhusu kuku wala mbuzi. Itumie swali likikuagiza hivyo. Kumbuka kwamba swali likitaja njia, alama zinatolewa kwa njia hiyo; jibu sahihi kwa njia nyingine linaweza kukuacha mikono mitupu.

Mlinganyo ukipinda

Mpaka sasa tumeshika milinganyo ambayo ukiichora inatoa mistari iliyonyooka. Lakini tuseme una shamba la mstatili, mzunguko wake ni mita 60 na eneo lake ni mita za mraba 200. Urefu ni u, upana ni p:

u + p = 30
up = 200

Jaribu kuondoa. Utaitoa u kwenye up vipi? Uzidishe kwa namba gani ili zilingane? Haipo. Kubadili kunaingia bila kubisha hodi: p = 30 − u, kwa hiyo u(30 − u) = 200, yaani u² − 30u + 200 = 0, ambayo ni (u − 10)(u − 20) = 0. Shamba ni mita 20 kwa 10.

Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kumsisitizia mwanafunzi kubadili hata kama kuondoa kunamwendea vizuri sasa. Kuondoa kwa kuzidisha na kujumlisha kunafaa zaidi pale mistari imenyooka. Kubadili kunaendelea mbele, mstari ukikutana na duara, ukikutana na mstari uliopinda wa kipeo cha pili, popote. Aliyeiacha njia hii kidato cha kwanza kwa sababu ya mabano ataihitaji tena baada ya miaka miwili, na mabano yatakuwa yamezaana.

Jambo moja linalotisha watu bure: wakati mwingine herufi zote hupotea. Katika x + 2y = 5 na 2x + 4y = 10, ukibadili x kwa 5 − 2y unabaki na 10 = 10. Milinganyo hiyo ni mmoja uliovaa nguo mbili, na majibu yake hayana idadi. Wa kwanza ukiwa x + 2y = 7, unabaki na 14 = 10, ambayo ni uongo, na maana yake ni kwamba hakuna jibu; kwenye grafu mistari hiyo inakwenda sambamba bila kukutana. Kwa kuondoa utapata habari hiyohiyo. Muhimu ni uiandike kama jibu, usiifute.

Na usihakiki jibu kwenye mlinganyo mmoja tu. Ukishabadili, mlinganyo uliotumia kuitafuta herufi ya pili utakubali jibu lako hata kama herufi ya kwanza ilikosewa. Uhakiki wa kweli uko kwenye ule mwingine, ulioandikwa kama ulivyotolewa kwenye swali.

Sasa jozi nne, na njia ambayo mimi ningeshika.

y = 3x − 5 na 2x + 7y = 11. Kubadili, bila mjadala. Y imekwisha kuwekwa peke yake. 23x = 46, x ni 2, y ni 1.

4x + 9y = 35 na 4x − 3y = −1. Kuondoa, 4x zimefanana tayari. 12y = 36, y ni 3, x ni 2.

x/2 + y/3 = 4 na x/4 + y/2 = 4. Kabla ya njia yoyote, fukuza sehemu. Wa kwanza mara 6 ni 3x + 2y = 24, wa pili mara 4 ni x + 2y = 16. Zile 2y zinaondoka, 2x = 8, x ni 4, y ni 6.

x − y = 1 na x² − y² = 7. Huu umepinda, kwa hiyo ningeelekea kubadili x kwa y + 1, na ungenifikisha. Ila ukikumbuka tofauti ya miraba miwili, x² − y² ni (x − y)(x + y). Weka 1 mahali pa x − y, kipande kizima, na unabaki na x + y = 7. Jumlisha na ule wa kwanza, y inaondoka, 2x = 8. x ni 4, y ni 3: umebadili, kisha umeondoa, ndani ya swali moja.